Nilimfukuzisha Mzee Cuddy Chamani kwa Ajili ya Kura Moja

Siku nne baada ya mimi kumfukuzisha Mzee Cuddy chamani, alikuja nyumbani kwangu kunishukuru.

Alisimama mlangoni mvua ikimtiririka kwenye kofia. Mkononi kashika liki sita za bustanini kwake, jamii ya vitunguu, ndefu, nyeupe, kaziosha hadi mizizi.

"Umeniandikia rufaa," akasema. "Sina cha kukupa, mwanangu. Pokea hizi."

Nikapokea.

Jioni nikazipika na viazi. Zilikuwa tamu sana. Nalisema hili mapema ili mjue mnasoma habari za mtu wa namna gani.

Naitwa Lorraine Stobbart, nina miaka sitini kasoro mmoja. Nimezaliwa na kukulia Harrowgill, mji mdogo kaskazini mwa Uingereza. Zamani watu wa hapa walichimba makaa ya mawe. Siku hizi tunachimbana wenyewe kwa wenyewe.

Chama chenyewe sikitaji. Kama wewe ni wa huku unakijua, na kama si wa huku jina halitakusaidia kitu. Kwetu mtoto alikuwa anazaliwa, anabatizwa, anaandikishwa chama. Basi.

Mimi nilikuwa katibu wa tawi kwa miaka kumi na minne. Birika la chai nilibeba mimi, orodha ya wanachama niliitunza mimi, viti nilivipanga na kuvipangua mimi. Udiwani nikawa nausikia kwa majirani tu.

Mzee Cuddy jina lake kamili ni Cuthbert Raine. Wakati ule alikuwa na miaka themanini na mmoja, na kati ya hiyo, hamsini na saba alikuwa mwanachama. Aliingia akiwa kijana wa mgodini. Nyonga yake ilishaharibika lakini vipeperushi vya mtaa wa Chapel Bank alikuwa anagawa yeye, nyumba mia moja na arobaini, na hakuna aliyethubutu kumpokonya.

Ndiye aliyenifundisha kugonga milango ya wapiga kura.

"Usikanyage maua ya watu," alikuwa ananiambia, "na usibishane na mtu mwenye mbwa."

Mke wake Audrey alipokuwa anakata roho hospitali, nilimpeleka mzee kwa gari langu kila siku, mwezi mzima. Watu walisema Lorraine ana moyo. Nilikuwa nao, sikatai.

Sasa sikilizeni.

Diwani wetu alitangaza anastaafu. Nikasema moyoni, hii ni yangu. Kwetu chama kikishakupitisha kwenye kura za maoni, uchaguzi wenyewe ulikuwa kama kwenda kuchukua mkate dukani.

Akajitokeza mtu wa pili. Anita Dosanjh, mfamasia wa barabara kuu, chamani ana miaka minne tu.

Nikacheka. Halafu nikakaa mezani na orodha yangu ya wanachama, nikapitia jina kwa jina, huyu wangu, huyu wake.

Wake kumi na wawili. Wangu kumi na mmoja.

Kicheko kikakata.

Nikaenda kwa Mzee Cuddy, ambaye kwenye orodha nilikuwa nimemwekea alama ya kuuliza kwa Anita. Nilimkuta bustanini anafunga liki zake kamba.

"Mzee wangu, kura yako ninayo, si ndiyo?"

Hakuinua kichwa. "Nitampa Anita."

"Unanitania."

"Sikutanii. Audrey alipoumwa, yule mwanamke alikuwa analeta dawa mwenyewe mlangoni, hata theluji ikianguka. Wewe una maneno mengi, Lorraine. Yeye anafanya."

"Na mimi niliyekuwa nakupeleka hospitali?"

Akanyoosha mgongo taratibu, akanitazama. "Ulikuwa unanipeleka kwa wema au kwa kura?"

Nikageuka nikaondoka. Nilifika kwenye gari nikaubamiza mlango. Miaka kumi na minne nabeba birika, halafu mzee niliyemfuta machozi ananiambia nina maneno mengi.

Hapo ndipo nilipoikumbuka picha.

Mwaka mmoja nyuma kulikuwa na uchaguzi mdogo wa baraza la mji. Jirani yake Mzee Cuddy aligombea bila chama dhidi ya mgombea wetu, hasira zake zote ni vyoo vya bustani ya watoto kufungwa. Fomu ya mgombea inataka wadhamini wawili. Mdhamini mmoja alikuwa C. Raine.

Majina yalibandikwa ubaoni nje ya ukumbi. Nilipiga picha kwa simu nikampelekea mzee, namcheka. "Mzee, umesaini nini hapa?"

"Nimesaini vyoo," alisema.

Tukacheka wote, yakaisha.

Lakini kanuni ya chama chetu ilikuwa wazi. Mwanachama akimdhamini mtu anayeshindana na mgombea wa chama, anafutwa. Hakuna kikao, hakuna kujieleza. Miaka mitano ndipo aombe tena kuingia.

Nikaituma ile picha ofisi ya kanda. Jina langu nikaomba lifichwe.

Ingekuwa ni picha tu, labda leo ningekuwa na pa kujitetea. Ila fomu ya malalamiko ilikuwa na nafasi chini, imeandikwa: maelezo ya ziada.

Mimi na maneno yangu mengi.

Kuna siku wodini hospitali, Audrey amelala na mipira puani, Mzee Cuddy alinishika mkono akaniambia jambo. Wakati wa ule mgomo mkubwa wa migodi, uliowafanya watu wanywe supu ya msaada mwaka mzima, kaka yake Audrey alikuwa amerudi kazini kabla ya wenzake. Audrey hakumsemesha hadi anazikwa. Kaka wa tumbo moja.

"Miaka miwili baadaye," mzee akaniambia, "niliingia kwenye kile kibanda cha kura nikawapa kura wale wale wa serikali waliotuvunja. Mara moja tu. Nilitaka kumuumiza mtu, sijui hata nani. Audrey hajui. Akijua atakufa na sumu moyoni."

Nilimwambia, mzee wangu, hilo limeishia kwangu.

Kwenye maelezo ya ziada niliandika hivi: "Aidha, mwanachama huyu amekiri kwamba aliwahi kuwapigia kura wapinzani wetu baada ya mgomo wa migodi, na kwamba alimficha hata marehemu mkewe."

Nikabonyeza, ikaenda. Nikafua mapazia.

Barua ya kumfuta ilimfikia wiki iliyofuata. Akanipigia simu mimi, nani mwingine? Katibu wa tawi.

"Lorraine, kuna mtu amenichoma."

"Usijali, mzee. Siku kumi na nne za rufaa unazo. Nitakuandikia."

Nikaandika kweli. Barua nzuri, kurasa mbili, akasaini akaniachia niipeleke posta. Nikaiweka kwenye droo ya vitambaa vya meza. Ndipo akaja na zile liki.

Siku ya kura za maoni alikuja. Kavaa tai, kanyoa, kadi ya chama mfukoni kwenye kipochi cha ngozi. Kamshika mkono Edna, jirani yake mwenye miaka themanini kamili, naye mwanachama, asiyeweza kupanda ngazi bila mtu wa kumshika.

Mlangoni alisimama mwenyekiti wetu, Terence Gowland, na orodha.

"Ndugu Cuthbert, jina lako halimo."

"Nimekata rufaa." Akanitafuta kwa macho. "Lorraine, waambie kuwa rufaa ipo."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilikuwa napanga biskuti kwenye sahani.

"Makao makuu hawajajibu, mzee wangu," nikasema.

Na ilikuwa kweli. Wangejibu nini?

Anita akasimama. "Tuahirishe. Mtu amekitumikia chama miaka hamsini na saba, tunashindwa kusubiri wiki mbili?"

Terence akatikisa kichwa. "Kanuni ni kanuni. Tukianza kuchagua nani zimguse, hatuna chama."

Watu wakaguna, wengine wakaangalia viatu vyao. Hakuna aliyeondoka kwenye kiti.

Mzee Cuddy akatoa ile kadi, akaiweka mezani mbele ya Terence, akageuka. Hakubishana.

Edna akasema, "Na mimi nani atanishusha ngazi?" Akaondoka naye.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipokamilika. Nilikuwa natafuta kuondoa mmoja wa Anita tulingane, wameondoka wawili wake. Kura zikapigwa. Kumi na moja zangu, kumi za Anita.

Nikashangiliwa. Nikatoa hotuba. Nilisema nawashukuru wazee walionilea chamani, na sauti ilinikwama mahali panapofaa.

Sasa tufike Februari.

Mzee Cuddy akanipigia. "Mwanangu, njoo unisomee barua moja. Macho yangu yamegoma."

Nikaenda na pai ya nyama nimeifunika kwa kitambaa. Aliyenifungulia ni mjukuu wake, Kirsty, binti wa miaka thelathini anayefanya kazi za mikopo ya nyumba. Alikuwa anapiga pasi chumba cha pili. Akaniambia, "Karibu, anti," akarudi kwenye pasi yake.

Mzee alikuwa mezani jikoni. Mbele yake bahasha kubwa.

"Kirsty aliwaandikia chama. Anasema sheria ya nchi inakuruhusu kudai kila karatasi wanayokuwekea yenye jina lako. Zimekuja. Kuna moja ndiyo ya huyo aliyenichoma. Nisomee."

Niliitambua kabla sijaigusa. Jina langu lilikuwa limepakwa wino mweusi. Maneno yalikuwa yangu yote, hadi nukta.

Nikavunga. Nikavaa miwani, nikakohoa kidogo, nikasoma. Ile ya fomu ya udhamini. Tarehe. Jina la uchaguzi. Ya picha iliyoambatanishwa.

"Wako mwaminifu," nikamalizia.

 Nikaanza kukunja karatasi.

"Umeruka," akasema.

"Nimeruka nini, mzee wangu?"

"Kuna maneno chini. Yanaanza na 'Aidha'."

 Kule chumba cha pili sauti ya pasi ilikuwa imekoma.

"Kirsty alinisomea Jumatano," akasema Mzee Cuddy. "Nikamwambia arudie. Kwa hiyo naijua. Nilitaka kusikia wewe utaisomaje."

"Mzee..."

"Soma."

"Mzee wangu, naomba unisikilize."

"Nimekusikiliza miaka mingi. Soma hiyo ya chini."

Nikasoma. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu mwingine. Nilipofika "hata marehemu mkewe" nikashindwa.

"Malizia."

Nikamalizia. Kirsty alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani, machozi yanamtoka bila kelele. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama babu yake, na kwa jinsi alivyokuwa anamtazama nikajua kuna kitu kimevunjika humo ndani ambacho hata mimi kukiri kusingekiunga.

"Bibi yake ndiye aliyemlea huyu," mzee akaniambia taratibu. "Alimlea kwa hadithi za ule mgomo. Sasa kila akiniangalia ananiona nimesimama kwenye kile kibanda."

"Nilikuwa nataka kura moja tu," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo. Ndicho kilichonitoka.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu.

"Ungeniambia, Lorraine. Ungekuja ukaniambia, mzee, siku ile baki nyumbani. Ningekasirika. Ningekutukana. Lakini ningebaki nyumbani."

Nikavua miwani.

"Chukua pai yako," akasema.

Nilisubiri wamwage mambo mtaani. Wiki ikapita, ya pili, mwezi. Kimya. Kumbe kumwaga kungemlazimu mzee aseme na yeye alichofanya kibandani, na Kirsty hakutaka jina la babu yake litajwe midomoni mwa watu. Siri ile ile niliyoiuza ndiyo ikawa inanilinda.

Niliposhtuka kwamba niko salama, nilifurahi. Sitawadanganya.

Mwezi Mei, siku ya uchaguzi, nilisimama nje ya shule ya msingi kunakopigiwa kura, ua la utepe la chama kifuani. Mzee Cuddy akaja na fimbo. Akaingia, akakaa humo dakika kama tano, akatoka. Akanijia moja kwa moja.

"Nimekupa," akasema.

Nikababaika. "Umenipa mimi?"

"Nimekipa chama. Wewe umekaa tu kwenye karatasi yake."

Akaenda zake.

Nilishinda kwa kura thelathini na nane.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa na nafuu. Haikuishia.

Ndani ya miaka miwili upepo ukageuka. Kikaja chama kipya, kinafoka, kinapendwa. Wa kwanza kuhama ni Terence Gowland, yule wa kanuni ni kanuni. Alibeba watu tisa kwa mpigo na akaacha funguo za ukumbi kwenye sanduku la barua.

Akanipigia. "Ndugu Lorraine, wanapanga kukukata kura za maoni zijazo. Anita tayari ana watu. Huku tunahitaji diwani. Njoo na kiti chako."

Nilijiunga nikiwa jikoni, kwa simu, wakati yai linachemka. Jina, anwani, kubali masharti. Yai lilikuwa bado laini nilipokuwa tayari mtu wa chama kingine.

Barua ya kunifuta ilikuja siku chache baadaye. Maneno yale yale waliyomwandikia Mzee Cuddy, wamebadilisha jina tu. Nikaitupa na maganda ya viazi.

Miezi kadhaa mbele tulikuwa tunagonga milango. Terence akasema turuke Chapel Bank namba kumi na saba, kwa Mzee Cuddy. Nikasema siruki. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka anitukane mbele za watu, yaishe.

Mzee akafungua. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa. Akaliangalia lile ua jipya kifuani kwangu, rangi yake, muda mrefu.

"Wamekufungia miaka mingapi?" akauliza.

"Mitano."

"Mimi nimebakiza miwili na miezi saba."

"Mzee wangu, unataka kurudi kwa watu waliokufukuza?"

"Sikufukuzwa na chama," akasema. "Nilifukuzwa na wewe."

Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza.

Alikufa Januari mwaka huu, nimonia. Alikuwa amebakiza miezi kumi. Jeneza walilifunika kwa bendera ya tawi. Aliyeomba ibebwe ni Anita, na alisimama mbele ya wanachama wote akasema makao makuu wakitaka kumfuta na yeye kwa hilo, wanajua anapoishi.

Mimi sikwenda. Nilikuwa na kikao cha kamati ya maegesho.

Najua mnasubiri nini. Mnasubiri niseme nimepooza, au nyumba imeungua, au silali. Nalala. Afya yangu ni nzuri. Nikipita sokoni watu wananiita diwani.

Mei hii Kirsty anagombea dhidi yangu, kwa tiketi ya chama changu cha zamani.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na Terence. Amepita pale ubaoni yanapobandikwa majina. Mdhamini wa pili wa Kirsty ni Maureen Tulip, mjane, mwanachama wetu sisi, mmoja wa wale tisa aliowabeba Terence mwenyewe. Alikuwa rafiki wa Audrey tangu shule.

"Ni bibi wa watu, ana miaka sabini na tisa," Terence akasema. "Nadhani hata hakuelewa anasaini nini. Kanuni ya huku ni kama ile ya kule. Tumwache?"

Kura zetu za kumchagua mwenyekiti mpya wa tawi ni mwezi ujao, na mimi nagombea. Maureen alishaniambia hanipi.

"Kanuni ni kanuni," nikamwambia Terence. "Piga picha, tuma."

Akatuma. Barua ameipata jana.

Sikuandika haya kuomba msamaha. Nimeandika kwa sababu wengi wenu mna vyama, vikundi, kamati za shule, kamati za misikiti na makanisa, na mimi huku nimejifunza kitu kimoja ambacho ninyi mnaweza kukipata bure.

Mkimsikia mtu ameshupalia kanuni, hasemi kingine ila kanuni, msihangaike kuisoma hiyo kanuni.

Hesabuni kura zilizomo ukumbini. Mtaiona anayoitaka.